Matundu Juu ya Milango

Nyumba yetu haina ramani. Kila mgeni aliyesomea mambo ya ujenzi, na tumewapata kadhaa, husimama katikati ya korido na taulo begani akaniuliza ramani iko wapi. Humjibu kwamba haiko, kisha naondoka kabla hajaanza kunifundisha. Baba alipopata mawe aliongeza chumba. Alipopata mabati aliongeza paa. Gesti ina vyumba saba na hakuna viwili vilivyo kwenye usawa mmoja, kwa sababu kiwanja kinateremka kutoka upande wa mlima Menengai na baba hakuwa mtu wa kupoteza siku zake akisawazisha udongo. Kati ya chumba na chumba kuna kidato, mara cha kupanda, mara cha kushuka. Mgeni mpya hujikwaa. Wale wa kila mara huinua mguu panapotakiwa bila hata kuangalia chini.

Historia ya nyumba iko nyuma, penye kamba za kuanikia nguo, ambako rangi haikuwahi kufika. Ukuta unaanza na mawe ya kijivu, unaingia mawe ya manjano, unamalizia na mawe yenye wekundu kidogo, kila machimbo na rangi yake. Mahali pengine simiti kati ya mawe imejaa vizuri. Pengine imepakwa kwa ubahili, na hizo ni nyakati ambazo kiwanda alichofanyia kazi baba kilimwambia yeye na wenzake wakae nyumbani mpaka waitwe. Kuna ufa pia. Ardhi ya Nakuru ni jivu la mlima. Mvua ikinyesha sana inahama, na ule ufa tumeuziba mara nyingi hata tumeuzoea. Nikienda kuanika mashuka siwezi kuupita bila kuutia kidole, nione kama umesogea.

Babu alitoka magharibi mwa nchi akaja kufanya kazi ya reli. Baba akazaliwa Bondeni, mtaa wa hapa hapa Nakuru, kwenye nyumba za baraza, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: wazazi huku, watoto kule, na shangazi yeyote aliyekuja kutafuta kazi akalala palipobaki. Alipoajiriwa kiwandani akapata chumba cha peke yake, alishindwa kulala. Alitusimulia hayo huku akicheka. Alisema kimya kilikuwa kinamwamsha. Basi aliponunua kiwanja na kuanza kujenga, juu ya kila mlango aliacha mstari wa matofali ya matundu, yale ya kupitisha hewa, yakitazama korido. Mafundi walimwambia kila chumba kina dirisha, hewa nyingine ni ya nini. Akawaambia waweke tu. Hewa haikumhusu. Alitaka kusikia watu wakipumua.

Vyumba vya kwanza vilikuwa vya jamaa waliokuja mjini kutafuta kazi. Wakishaipata walihama, vitanda vikabaki vitupu, na mama yangu ni mtu anayeumwa na kitanda kitupu. Siku moja alirudi kutoka sokoni akiwa na mwanamke ambaye mgonjwa wake alikuwa amelazwa hospitalini, naye hana pa kulala. Yule akamwambia mwingine. Hivyo ndivyo tulivyogeuka kuwa gesti, bila mtu yeyote kukaa chini akaamua. Wakaja wauzaji wa mbegu, wakaja madereva waliochoshwa na kelele za Salgaa, kule malori yanakolala, wakaja wazazi wenye suti mpya wanaokwenda kuona watoto wao wakihitimu chuo kikuu kule Njoro. Zikaja pia familia zinazosindikiza maiti kwenda magharibi, ambazo mama hakukubali ziendelee na safari kabla ya kunawa uso na kunywa chai.

Sisi wenye nyumba hatukuwa na vyumba. Hili nikilieleza watu hudhani natia chumvi. "Unalala wapi leo?" lilikuwa swali la kila jioni kwetu. Mimi na kaka yangu tulilala pale ambapo mgeni hakuwapo, na vyumba vikijaa tulilala jikoni au stoo, katikati ya magunia ya viazi. Nguo zangu zilikaa kwenye mkoba, na mkoba ulikaa karibu na mlango. Nikilalamika, mama alisema, "Kitanda ni ya mgeni. Wewe uko na nyumba mzima."

Kweli nilikuwa nayo nyumba nzima, na ndiyo iliyoniharibu. Nimeshavuka miaka arobaini na bado sijui kutulia. Nilipoolewa Nairobi nilipewa kitanda kimoja, upande mmoja, kila siku ule ule, na ulinishinda. Nililala kwenye kochi. Nililala sakafuni. Nilihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, nikalirudisha, nikalihamisha tena. Mume wangu alivumilia, kisha akachoka. Simlaumu, mtu akioa anatarajia kumkuta mkewe alipomwacha.

Matundu nayo yalitufundisha tabia nyingine. Kila mtu alisikia kila kitu, na mama aliendesha gesti kwa masikio. Akiwa amejilaza kitandani alijua nani amefungua geti, nani ameacha mfereji ukidondoka, nani anakohoa na asubuhi atahitaji tangawizi kwenye chai, na nani analia. Hakumuuliza mtu analia nini. Alimwongezea yai kwenye sahani, basi. Nasi tukawa na namna yetu ya kupashana habari. Nyumbani kwetu hakuna aliyemwita mwenzake akamwambia keti, nina jambo. Uliingia chumbani, ukajilaza, ukalisema ukiangalia dari, na wahusika wakalisikia. Baba alitangaza kustaafu kwake namna hiyo. Kaka alisema namna hiyo kwamba amepata msichana. Nami niliporudi kutoka Nairobi, baada ya kumzika baba, sikumwambia mama kwamba ndoa imekwisha. Nilifunga mlango, nikampigia kaka simu, nikamweleza kwa sauti ya kawaida. Asubuhi nilikuta mayai mawili, na hatukulizungumza tena.

Wageni wa siku hizi ni watu wengine kabisa. Kaka, ambaye anafundisha kwenye chuo kikuu kule Njoro, alitushauri tuweke gesti mtandaoni, tukaiweka, na maoni yakaanza kuingia. Mmoja aliandika kwamba chakula ni kizuri, mashuka ni safi na mama ni mkarimu, lakini alipiga chafya na mtu wa chumba cha mwisho akamwambia pole. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwingine aliandika kwamba aliwasikia wapenzi wa chumba cha jirani wakigombana kuanzia mwanzo mpaka wakapatana, na kupatana kwao ndiko kulikomnyima usingizi. Kaka hakuona cha kucheka.

"Hizo matundu lazima ziende," aliniambia. "Watu wanataka praivasi. Hii si Bondeni."

Wakati huo mama alikuwa amekwenda nyumbani magharibi kumzika dada yake, akakaa huko kipindi kirefu. Tukamwita fundi. Aliyajaza matundu simiti, akapiga plasta upande wa korido, na ndani ya vyumba akashusha siling nyeupe ya jipsam iliyoufunika ule mstari wote. Chumba cha mama kilifanyiwa vivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemsimamia fundi, na alipolisahau tundu moja juu ya mlango wa stoo nilimwonyesha. Kaka alimwambia mama kwenye simu kwamba tunaweka siling na kupaka rangi. Habari ya matundu hakuna aliyempa, na wala hatukukusudia kumficha. Tulikuwa tumelizungumza kwa kirefu chumbani, mimi na kaka, kwa sauti, na kwa jinsi tulivyolelewa tuliona limeshasemwa, ingawa mama hakuwa ndani ya nyumba.

Mama akarudi. Macho yake si mazuri, na kila kitu kilikuwa cheupe. Aliinua uso, akazunguka polepole, akasema, "Sasa tumekuwa hoteli." Tukafurahi. Wageni nao wakafurahi, maoni yakawa mazuri, kaka akawa ananitumia kwenye simu picha za nyota tulizopewa mtandaoni.

Kisha mama akaanza kubadilika. Mgeni alibisha geti, akabisha tena, na mama hakutoka chumbani kwake. Ikabidi niache unga kwenye sufuria nikafungue. Asubuhi akawapa watu wote chai ya namna moja, anayekohoa na asiyekohoa. Alasiri alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya korido, mkono shavuni, akiitazama milango. Mara moja nilimwona akitia kidole sikioni, akakitoa, akakiangalia. Nilipita na ndoo yangu ya maji. Kichwa changu kilikuwa kimejaa mambo yangu.

Mambo yenyewe ni kwamba nilikuwa nimepata bedsita, chumba kimoja cha kupanga, kule Njoro. Rafiki yangu ana mkahawa wa wanafunzi karibu na chuo na alitaka mtu wa kupika naye. Bedsita ilikuwa na kitanda kimoja na dirisha linaloangalia mashamba ya ngano, na hakuna mgeni duniani ambaye angenitoa pale. Nilikitaka kile kitanda mpaka mwili ukaniwasha. Lakini nikiondoka, mama angebaki na vyumba saba, vidato vyote vile na magoti yanayomuuma. Kaka alishasema hawezi kuhama. Nikibaki, nilijua nitazeekea kwenye mkoba.

Basi nikalisema kwa namna yetu. Baada ya kuosha vyombo vya jioni niliingia chumba cha pili, kilichokuwa kitupu, nikampigia kaka, nikasema nimechoka na nataka kuhama. Asubuhi nilitazama sahani yangu. Yai moja. Jioni iliyofuata nilisema tena, nikiwa chumba cha tano, na sauti nikaipandisha. Yai moja, na mama hata hakuniangalia. Nikajiambia, ahaa, amenuna. Nikanuna na mimi. Nikaanza kuweka sufuria kwa kishindo na kufagia korido wakati watu wanapita.

Siku moja upepo wa Januari ulikuwa unapiga vumbi kwenye madirisha, vyumba viko karibu vitupu. Nilikwenda chumbani kwa mama kuchukua mashuka nikamkuta anafunga mkoba. Nguo zake za kanisani zilikuwa ndani tayari. Picha ya baba ilikuwa imetolewa ukutani na kuzungushiwa leso.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Si umetoka huko juzi?"

"Naenda kukaa." Akakisukuma kishada cha funguo juu ya blanketi kuelekea kwangu. "Hii nyumba ni yako sasa. Chunga wageni."

Nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia huo ni ujanja. Nilimwambia amenisikia nikisema nataka kuondoka, ndiyo sababu ameamua kuniwahi, anifunge kwa funguo kama mbuzi. Nilisema amenifanyia hivyo tangu utotoni, kuniweka na kunihamisha, na sasa ananiweka mahali nisipoweza kuhamishwa milele. Nilikuwa nikitembea huku na huku mbele ya kitanda, na maneno yalitoka haraka kuliko nilivyoweza kuyachagua.

Mama alinitazama mpaka nikaishiwa pumzi.

"Wewe unataka kuenda wapi?" akauliza.

"Si ulisikia!"

"Nisikie na nini?" Akagusa sikio lake. "Hii kitu imeenda. Imeanza vile ilianza na mama yangu. Yeye alianza na vitu za mbali. Akakosa kusikia ndege, akakosa kusikia geti, mwisho akakosa sisi. Nimerudi hapa nikapata nyumba imenyamaza. Nalala hapo, hakuna mtu anakohoa, hakuna mtu anafungua maji. Hata wewe sikusikii ukigeuka kwa kitanda. Mtu kama mimi ataweka wageni aje?"

Hakulia. Alisema kama anayeeleza kwamba unga umekwisha. Niliinua macho pale juu, kwenye jipsam nyeupe, na hapo ndipo nilipojiona: mwanamke mzima anayeziba matundu kisha anasimama chini yake jioni baada ya jioni, akiyapa habari.

"Mama, si masikio," nilisema.

Sikungoja anijibu. Nilikimbia stoo nikaleta nyundo na tindo, nikaburuta meza mpaka mlangoni, nikapanda. Mama akaniuliza kama nimerukwa na akili. Jipsam ilipasuka kwa pigo la kwanza na kipande kizima kikaanguka juu ya meza. Simiti ya nyuma yake ilikuwa ngumu. Niligonga mpaka mikono ikafa ganzi, vumbi likashuka juu ya kitanda, juu ya mkoba, juu ya kitambaa cha kichwani cha mama, na mwishowe tofali la baba likaonyesha tundu moja, halafu la pili, na mwanga wa korido ukaingia.

Muuzaji wa mbegu aliyekuwa chumba cha mwisho alifungua mlango wake. "Mathe," akamwita mama, wala hakupaza sauti, "kwani kuna nini huko?"

Mama aliinua kichwa.

"Huyo nimemsikia," akasema. Akaziba mdomo kwa kiganja. "Huyo ni ile room ya mwisho. Nimemsikia!"

Alicheka, akafuta macho, akacheka tena, kisha akakumbuka kukasirika. "Nani alifunga matundu ya mzee?"

"Sisi."

"Na hamkuniambia?"

"Tulisema," nilijibu nikiwa bado juu ya meza. "Tulisema kwa chumba."

Alinikazia macho. Nikamweleza na yale mengine, jinsi nilivyokuwa nikimpigia kaka kwa makelele kutoka chumba hiki na kile nikingoja mayai. Alipiga goti lake kwa kicheko. "Nilizaa wajinga," alisema, "tena mmoja wao anafundisha university."

Nilitaka kushuka nikimbilie chumba kinachofuata, na kingine, niyafungue yote kabla ya jua kuzama. Nyundo ilikuwa inacheza mkononi. Mama akanishika sketi.

"Weka hiyo chini. Keti hapa. Siku hizo zote ulikuwa unasema nini?"

Nilikaa kando yake kwenye vumbi, nikaangalia juu kwenye lile tundu, nikafungua mdomo.

"Niangalie mimi," alisema.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya nyundo. Nilimtazama usoni, sina kumbukumbu ya kuwahi kufanya hivyo nikiwa na jambo, nikamwambia nataka kitanda changu. Nataka kuamka mahali nilipoamka jana. Nataka kuondoka hapa na ninaogopa kumwacha, na kila siku ninayobaki ninamchukia kidogo, na sitaki kumchukia.

Mama alikung'uta mkoba wake kwa mkono, upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Na mimi nimechoka," alisema. "Tangu mzee aende nataka kurudi nyumbani. Kila jioni nasema, kesho naenda. Halafu nalala, nasikia wewe. Leo uko hapa, kesho uko pale, unageuka, unaamka, unatembea. Nikasema huyu mtoto amekuja hapa kwa sababu hana mahali ingine. Nikifunga hii nyumba nitamfungia nje. Nikangoja utulie." Akaipangusa vumbi leso ya picha ya baba. "Masikio ikienda nikasema, asante Mungu. Sasa nimepata sababu."

Nilikuwa nimemrudishia masikio yake, na ruhusa yake ya kwenda nyumbani nimeipasua kwa nyundo ile ile. Tulikaa bega kwa bega, kila mmoja akiwa amebaki kwa ajili ya mwenzake kwa miaka yote ile, na hakuna aliyeombwa.

Geti likabishwa. Lilisikika vizuri kabisa kupitia yale matundu mawili, chuma kikigongwa kwa kitu kigumu, pengine ufunguo wa gari. Mama alilisikia. Niliona shingo yake ikinyooka na mguu mmoja ukitafuta kiatu, kama ulivyofanya maisha yake yote. Kisha mguu ukatulia. Mimi pia sikuinuka. Likabishwa tena, na sauti ya mwanamume ikauliza kama kuna wenyewe.

Mama alivuta zipu ya mkoba mpaka mwisho. Alijilaza juu ya kitanda kilichojaa plasta, akafumba macho.

"Enda ufungue wewe," alisema. "Mimi ni kiziwi."